Mkaguzi Aliyelala Ndani ya Kombi

Kabla hajazima injini alikuwa ameshatukagua. Alikaa nyuma ya usukani, kioo kimeshushwa upana wa vidole, akalitazama lango letu, kisima, vyoo, mivinje, mimi, mume wangu, kisha akakirudia kisima. Neno lake la kwanza kwetu halikuwa salamu.

"Mbwa wale ni wa nani?"

"Si wa mtu," mume wangu akamjibu. "Wa ufuoni tu."

"Basi hamna ua," akasema, kama aliyekamata mwizi.

Ndivyo tulivyompata. Mimi na mume wangu, Charo, tulikuwa na kiwanja kando ya bahari, kusini ya mji wa Malindi, tulichokifanya kambi ya wasafiri. Miaka ile ya themanini walikuwa wengi: wenye mahema, wenye magari ya kulala, Wazungu kwa wenyeji. Waliegesha chini ya mivinje, wakachota maji yetu, na asubuhi wakanunua mahamri kwa Bi Rukia, mama wa visiwa vya kaskazini aliyeweka meza yake langoni petu. Walikuja, wakaenda, tukawasahau. Huyu hatukumsahau. Alikuja akakaa wiki, akaondoka kwenda Marafa au Ngomeni au tusikokujua, akarudi. Miaka ikapita hivyo.

Alikuwa mkaguzi wa shule aliyestaafu. Jina lake tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mkaguzi naye akaitika, nadhani kwa furaha. Mwalimu mmoja aliyewahi kufundisha Rabai alituambia kwamba siku gari la mtu huyu lilipoonekana mlimani, walimu walisahau hata majina ya wanafunzi wao. Aliingia darasani bila kubisha, akasimama nyuma, asiseme kitu.

Kombi yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nyuma mlikuwa na kitanda cha kukunja, kabati, jiko la gesi, na karai dogo la kuoshea vyombo lililotoa maji kwa kupampu kwa mguu. Alisema aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Bi Rukia hakuliamini neno hilo. "Mzungu gani huyo asiye na jina?" aliniuliza, akigeuza mahamri mafutani. "Kila kitu chake kimetoka kwa mtu asiye na jina."

Kuegesha gari kwake ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Kwanza alizunguka kwa miguu akitazama juu, kwa sababu alisema mnazi huua watu wasiotazama juu. Halafu akatazama chini, akachoma mchanga kwa kijiti kuona ni mgumu kiasi gani. Gari aliliingiza kinyumenyume, pua ikielekea njiani, ili akitaka kukimbia asipoteze wakati kugeuza. Akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha akaingia ndani na kuweka bakuli la maji mezani. Maji yakiinama upande, alitoka akachimbua mchanga chini ya gurudumu lililoinuka, akarudi kutazama bakuli. "Ukilala kichwa chini, damu inajaa kichwani unaota upuuzi," alimwambia Charo, aliyekuwa amelala mkekani maisha yake yote asiote kitu.

"Na huyo atakayekukimbiza ni nani?" Charo akamuuliza siku moja.

Mkaguzi akajibu, "Ningemjua, nisingeegesha hivi."

Jibu lile lilimkaa mume wangu vibaya. Miaka ile, Mungu atusamehe, watu walinong'ona hata walipotaja bei ya sukari. Ilisemekana serikali ina masikio yaliyovaa kaunda suti na yaliyovaa kanzu. Na huyu hapa, mtu aliyesoma, aliyekuwa mtumishi wa serikali, peke yake katika gari lenye mapazia, anakwenda Ngomeni kutazama mashua, anakwenda Marafa kutazama korongo la mawe mekundu, anarudi, anauliza maswali. Nani alikuja jana? Walitoka wapi? Wale vijana wenye gita wanaongea nini? Msikitini hakuonekana, kanisani hakuonekana. Alipokaribia kibanda chetu cha mbele, mazungumzo yalikatika kama uzi. Naye alisimama hapo katika ukimya ule, akatazama huku na huku, kisha akataja kisima.

Maji hakuyaamini hata kidogo. Ya kwetu aliyachuja kwa kitambaa, akayachemsha, akayaacha yapoe, akayanusa. Ya mtu mwingine hakunywa kabisa. Wasafiri wageni aliwafuata bila kuitwa: "Mmejaza maji wapi? Kilifi? Mmeyachemsha? Mtungi wa gesi mliufunga mlipopanda kivuko? Mlishuka garini au mlikaa ndani kama mizigo?" Kwenye kivuko cha Kilifi, alisema, mtu mwenye akili hufunga gesi, huacha gari ndani ya gia, huvuta breki ya mkono, kisha hushuka akasimama mahali anapoweza kuruka. Wengine walimshukuru, wengine wakaniuliza kama yuko sawa kichwani.

Mengi aliyosema yalikuwa kweli. Ni yeye aliyetufundisha kuwaambia wageni wapunguze upepo wa tairi kabla ya kuingia kwenye mchanga laini, na waujaze tena wakirudi lami. Ni yeye aliyewafanya waoshe gari chini kwa maji baridi kila jioni, maana chumvi ya bahari hula chuma polepole kama mchwa. Alichimba shimo la maji machafu mbali na kisima, akamkataza mtu yeyote kumwaga povu la sabuni penginepo. Wageni aliwakataza kuacha dirisha wazi wakienda kuogelea, wakamcheka, na tumbili wakaingia wakala mkate wote na dawa ya meno.

Lakini mengine yalikuwa upuuzi wa mtu anayeishi na mawazo yake peke yake. Alimwaga chumvi kuzunguka gari kuzuia nyoka, yeye yule aliyeiogopa chumvi. Alisema moto na kitanda havilali chumba kimoja, na kila mgeni aliyemwona na jiko la makaa alimpa hotuba hiyo, lakini yeye mwenyewe alivuta sigara akiwa kitandani, tukiona moshi ukitoka pembeni ya pazia. Alitaka kila msafiri amwambie mtu anakokwenda na atakaporudi, kwa sababu gari likiharibika porini hakuna atakayekutafuta kama hakuna anayekungoja. Yeye akiondoka hakumwambia mtu. Ungeamka, ukakuta mawe yake yamepangwa safi na alama za tairi zinaelekea njiani.

Ngomeni gari lake lilizama mchangani. Habari hiyo haikutoka kwake, tuliletewa na wavuvi wa huko waliopita kwetu. Aliegesha ufuoni bahari imekupwa, akajitia hakika kwamba maji hayatafika, naye kwa kawaida aliyajua maji. Siku ile hakuyajua. Wavuvi wakamwona anahangaika na koleo, magurudumu yamemezwa, bahari inajaa. Walipomwendea akawaambia, "Asanteni, naweza." Wakakaa wakamtazama. Maji yalipofika kwenye kizingiti cha mlango ndipo akainua mkono. Wakaifunga kombi kwa kamba, wakaivuta kwa wimbo mpaka nchi kavu. Yeye, kabla ya kushukuru, akafungua nyuma kutazama kama jeki yake ingalipo. Ilikuwapo. Isitoshe, mmoja wao alikuwa amemwachia samaki juu ya kiti.

"Akafanya nini?" nikawauliza.

"Akampa paka. Akasema samaki wa bure ana mwiba mrefu."

Bi Rukia alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka sana. Nilifikiri juu ya mtu anayekaa na njaa karibu na samaki.

Maana alikuwa na nyumba. Hilo lilithibitishwa na mwalimu yule wa Rabai: nyumba ya mawe, Mombasa, yenye vyumba na bomba la maji. Mke alikuwa amekufa zamani, watoto wamesambaa. Kwa nini mtu mwenye nyumba ya mawe alale katika kombi, akipampu maji kwa mguu? Charo alikuwa na jibu lake na Bi Rukia alikuwa na lake, na yote mawili yalisemwa kwa sauti ya chini.

Sasa niseme habari ya mvua.

Ilikuwa masika, na wageni walikuwa wachache. Ilikuja familia ya Kihindi kutoka Mombasa, baba mwenye duka la vitambaa, mke wake na watoto wao watatu, katika gari la kulala walilokodi. Walikuwa watu wa vicheko. Mama aliimba akipika, watoto wakagombana kwa lugha yao na kwa Kiswahili, baba akawapigia kelele huku akicheka. Mkaguzi alikuwa ameegesha mbali, karibu na kichaka cha miyaa ya kusukia mikeka, lakini siku ya pili nikaona amesogeza kombi. Akaisogeza tena. Charo naye aliona.

"Anawanyemelea wale watu," akaniambia.

"Labda anakimbia upepo."

"Upepo unatoka huku, Mama Kadzo. Amesogea kuufuata."

Mchana wa siku iliyofuata mvua ilishuka kwa hasira. Yule baba alikuwa kibandani kwetu akinywa kahawa na Charo, akingoja ipungue. Mke na watoto walikuwa ndani ya gari, madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa. Mimi nilikuwa mlangoni nikisukuma maji kwa ufagio, na kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kumwona Mkaguzi. Alikuwa akikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Hakuwa na mwavuli, hakuwa na viatu, na mkononi alishika mojawapo ya mawe yake ya magurudumu. Akaligonga lile gari la familia kwa kiganja, akaita, akavuta mlango. Kisha akainua jiwe, akapiga kioo cha dirisha.

"Mwizi!" Charo akaruka. Yule baba alimpita mbio.

Walimfikia anapiga mara ya pili. Baba mwenye duka alimkaba shingo kwa nyuma, Charo akamkamata mikono, wakaanguka wote watatu kwenye tope. Mkaguzi hakupigana. Alikuwa akipiga kelele tu, mdomo umejaa maji ya mvua: "Nishikeni! Nishikeni mimi, lakini fungueni mlango! Fungueni mlango!"

Sijui kwa nini nilimsikia mimi na wao hawakumsikia. Niliingiza mkono pale palipovunjika, kioo kikanikata, nikapapasa kitasa nikafungua. Joto likanipiga usoni, joto la makaa. Jiko lilikuwa sakafuni, jekundu, na kando yake karai la unga uliokandwa. Yule mama alikuwa ameketi, kichwa kimeangukia mezani, vidole vingali na unga. Watoto walikuwa wamelala juu ya kitanda, na nilipomtikisa mkubwa, kichwa chake kilikwenda huku na huku kama cha mwanasesere.

Nilipiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena. Wakamwachia Mkaguzi. Tukawatoa mmoja mmoja tukawalaza mvuani, kwenye tope, na mvua ikawapiga nyuso. Yule mdogo ndiye wa mwisho kulia. Alipolia, baba yake alikaa chini palepale akaficha uso ndani ya mapaja. Mama alitapika, akauliza jambo kwa lugha yao, akatapika tena.

Hospitali ya Malindi waliwalaza kidogo, wakawarudisha wazima. Daktari alisema moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa haungojei mtu kuaga.

Ungedhani baada ya hapo tungemchinjia Mkaguzi mbuzi. Yule baba alikuja kweli kumshukuru, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Lakini mkono ule bado ulikuwa mkononi mwake alipouliza, kwa upole, "Mzee, ulijuaje?"

Mkaguzi akasema, "Niliona."

"Uliona wapi? Mapazia yalikuwa yameshushwa."

Mkaguzi akauvuta mkono wake. Wale watu wakafunga mizigo, wakaondoka mapema kuliko walivyopanga. Langoni Bi Rukia akalichukua swali lile akalikanda pamoja na unga wake. "Alhamdulillahi watoto wamepona. Lakini mvua kama ile, pazia limeshushwa, yeye yuko ndani ya kombi yake. Alijuaje? Nimeangalia mwenyewe, kwenye kona ya nyuma pazia lao lina mwanya wa kidole tu. Mtu hauoni mwanya ule ila awe ameuwekea jicho."

"Mtu hachungulii mke wa mwenzake kwa wema," Charo akasema.

"Ameokoa watu wanne," nikasema.

"Nimekwambia hakuokoa? Nasema alikuwa akichungulia."

Nami, usiku na mchana, nililigeuzageuza jambo hilo. Niliposhona pazia jipya la chumba cha kuogea, nene, lenye mikunjo, sikumwambia mtu sababu, na hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi moja alikuja kibandani. Tulinyamaza kama kawaida. Shingo yake ilikuwa na alama za vidole, zimegeuka rangi ya zambarau.

"Baba Kadzo," akamwambia Charo, "una kitu unataka kuniuliza?"

Charo akatazama kikombe chake. "Sina, Mkaguzi."

"Mama Kadzo?"

Nikasema sina.

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepita darasani akakuta madaftari hayajasahihishwa. Akatutahadharisha kwamba kisima kinahitaji kifuniko kipya, na hiyo ilikuwa kweli. Kesho yake tuliamka tukakuta mawe yamepangwa. Hakurudi.

Nilimwona mara moja tu tena, mwishoni mwa miaka ile, kwenye kivuko cha Kilifi. Nilikuwa nikienda Mombasa kumtazama binti yangu Kadzo, aliyekuwa ameolewa huko. Jua lilikuwa kali, foleni ya magari imepanda kilima, na abiria wa miguu tumejikusanya kivulini kwa wauza korosho. Yeye alikuwa amesimama peke yake juani, amekonda, amevaa koti. Kombi hakuwa nayo.

Nikamwendea. "Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba." Akanikagua kuanzia miguuni. Ilimchukua muda kunijua, na aliponijua alirudi nyuma hatua. "Mama Kadzo. Mkono ulipona?"

Nikamwonyesha kovu. Akalitazama kwa karibu, akasema lilishonwa vibaya. Kombi, akaniambia, chumvi iliimaliza. Akauza injini, bodi lake likageuzwa banda la kuku huko Mtwapa.

Sijui ni jua, sijui ni kule kukonda kwake. Nilisikia ulimi wangu ukiuliza swali lililokaa kwetu miaka mingi. "Mkaguzi, siku ile ulijuaje?"

Alitazama majini. Kivuko kilikuwa kinakuja.

"Walisema nini wenzako?"

"Walisema ulikuwa ukichungulia."

"Walisema kweli," akajibu. "Nilikuwa nachungulia. Siku zote zile. Wakila, wakigombana. Yule mama akiimba. Mvua ilipoanza nikasikia ameacha kuimba katikati ya wimbo, watoto nao kimya. Nikaenda kwenye ule mwanya." Akafuta uso kwa leso. "Na si wao tu, Mama Kadzo. Kila mahali nilipoegesha."

Uso uliniwaka, kwa ajili yake au kwa ajili yangu, sikujua. Nikakumbuka mambo mengi ya nyumba yetu wakati yeye yuko uwanjani, sauti zetu jioni, na nikajisikia nimevuliwa kitu. Lakini nilichosema kilikuwa kingine.

"Mbona hukubisha hodi? Watu wale wangekukaribisha. Wangekupa chakula."

"Wangenikaribisha," akakubali. "Nimeingia madarasani miaka yote ya kazi yangu. Unajua darasa linafanyaje mkaguzi akiingia? Linanyamaza. Nikazoea nikadhani ni heshima. Nilipostaafu nikakuta hata nyumbani kwangu, wanangu wakinitembelea, nikiingia chumbani wananyamaza. Hata kwenu. Ningebisha hodi wangesema karibu, wangenipa kiti kizuri. Na wasingeimba tena."

Mlango wa kivuko ukashuka kwa kishindo. Watu wakaanza kusukumana, akaniacha bila kuaga, akashuka na umati.

Nilimkuta ng'ambo ya magari, ameegemea chuma, ametugeuzia mgongo. Nyuma yake palikuwa na kina mama wa Takaungu wenye vikapu, wakibishana juu ya harusi iliyoharibika. Walipomwona yule mzee mwenye koti wakapunguza sauti, mmoja akamkonyeza mwenzake. Nilisimama hapo na mzigo wangu. Sitasema nilimwamini yote. Hata leo kuna jioni navuta pazia mara mbili.

Lakini nilijipenyeza nikakaa baina ya wale kina mama, nikageuza uso upande wao kana kwamba simjui, nikauliza kwa sauti kubwa, "Eh, na huyo bwana harusi, alikimbilia wapi?" Wakaangua kicheko. Mmoja akaanza kusimulia, mwingine akamkatiza, wa tatu akaapa kwamba yeye alikuwapo kwa macho yake. Nikawachochea kila walipolegea. Tukapiga kelele mpaka ng'ambo, na muda wote ule yule mzee hakugeuka, hakusogea, ila nilimwona ameinamisha kichwa upande wetu kidogo, sikio la kulia.